Sura ya Saba: Kitanda cha Nyeisha Broadnax

Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kupita kiasi, na Verlene Tisdale hakukipenda tangu alipokitia machoni.

Shuka za waridi zilivutwa mpaka hazina kunjo hata moja. Dubu wa kuchezea aliegemezwa ukutani kama mgeni anayesubiri chai. Mto ulikuwa mweupe pe. Verlene alikuwa mkaguzi wa mahakama, na kazi yake ilikuwa hiyo kwa miaka sasa: kuingia katika vyumba wanamolala watoto waliochukuliwa na serikali, kutazama, kuuliza, kisha kumwambia jaji alichokiona, siyo alichoambiwa. Vitanda vya watoto alivijua. Vina makombo ya biskuti, soksi isiyo na mwenzake na harufu yake mwenyewe. Hiki kilinuka harufu ya dukani.

"Umeridhika?" aliuliza Preston Culbreath kutoka mlangoni. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa Idara ya Watoto katika kaunti ile, bwana mrefu, suti rangi ya maziwa hata kwenye joto la Septemba, na tabasamu alilolivaa asubuhi na kulivua jioni pamoja na tai.

"Naangalia tu, bwana mkuu."

"Angalia, mama, angalia. Hatuna la kuficha."

Verlene alitaka kumwambia kwamba asiye na la kuficha hafuatani na mkaguzi mpaka chumbani, lakini akameza. Siku yenyewe haikuwa ya kugombana mapema. Kesho asubuhi Jaji Whitmire angeketi kuamua kama wakaguzi waondoke. Idara ilishtakiwa zamani kwa kulaza watoto kwenye sakafu za ofisi zake. Jaji akaamuru mambo yabadilike, akaweka watu wa nje wasiolipwa na Idara wawe macho yake. Sasa Idara ilikuwa inasema mambo yamebadilika, kila mtoto ana nyumba, hakuna hata mmoja anayelala ofisini, wakaguzi wafunge virago. Kilichobaki ni neno la Verlene. Akisema ni kweli, milango ingefungwa, na baada ya hapo hakuna mtu wa nje ambaye angeruhusiwa kuchungulia tena.

Na mtoto aliyetaka kumwona kuliko wote ni Nyeisha Broadnax, miaka kumi na miwili, ambaye mwezi Mei alimkuta amelala chini ya mashine ya fotokopi, kifua cha pumu kikipiga mluzi. Idara ilisema ndiye mwenye kitanda hiki.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Shuleni. Akitoka ana kwaya. Kisha daktari wa meno."

"Siku ya waziri hiyo."

"Tunawalea vizuri siku hizi," alisema Culbreath.

Verlene akageukia mama mlezi. Bi Darlene Hucks alikuwa mjane wa Kizungu wa makamo, aproni mkononi, na tangu wageni waingie alikuwa anaikunja na kuikunjua.

"Bi Darlene, Nyeisha anapenda kukaa hapa?"

"Ah, sana. Mtoto mzuri. Hana makuu."

"Nywele zake anasukwa na nani?"

Aproni ikasimama. "Anajichana mwenyewe."

"Kwa kipi?"

Bi Darlene akamtazama Culbreath kwanza, kisha akaenda bafuni na kurudi na brashi ndogo laini, nyuzi zake zimesimama wima kama zilivyotoka kiwandani. Verlene akaipokea, akaigeuza. Akaenda bafuni mwenyewe. Palikuwa na shampuu moja, na kwenye chupa yake mwanamke wa nywele za singa anacheka upepo ukimpuliza. Akafungua kabati la dawa. Akafungua droo. Akarudi chumbani, akainua mto, akaunusa, akaurudisha.

"Tumekuja kukagua usalama au saluni?" aliuliza Culbreath.

"Vyote viwili, bwana mkuu. Asante kwa muda wako, Bi Darlene."

Mlangoni yule mjane alimshika mkono kwa vidole vya baridi, akaubana. Culbreath alikuwa nyuma yao hatua mbili.

*

Ndani ya gari, Coy Dantzler alikuwa anakula karanga za kuchemsha na kutupia maganda kwenye kikombe. Coy alistaafu upolisi akiwa na goti bovu na midomo isiyochoka, na mahakama ilimpa kazi ya kumwendesha Verlene na kuwa shahidi wake.

"Haya, bosi. Tuandike watoto wote wanaishi peponi?"

"Yule mtoto hajawahi kulala mle. Hata usiku mmoja."

"Umeota?"

"Nimenusa. Washa gari."

Coy akawasha, akangojea. Verlene alikuwa anavua viatu na kuvivaa tena, alama kwamba hasira imempanda.

"Wewe unafikiri msichana mweusi analalaje, Coy?"

"Swali hilo nikilijibu vibaya nafukuzwa kazi."

"Analala na kofia ya satini kichwani. Akiikosa, anafunga kitambaa, anatafuta mto wa satini, chochote. Asubuhi lazima apake mafuta, na chanuo lazima liwe la meno mapana. Pamba ya mto inakula nywele. Mama yangu alikuwa radhi tulale bila chakula lakini siyo bila kofia. Nilipomkuta Nyeisha chini ya fotokopi alikuwa hana shuka, hana blanketi, lakini kofia yake nyekundu alikuwa nayo kichwani. Sasa mle ndani hamna mafuta, hamna chanuo, na mto hauna hata doa. Na ile brashi, ukimpa Nyeisha, itavunjika kabla haijafika sikioni."

"Labda kofia kaenda nayo shule."

"Hakuna anayekwenda shule na kofia ya kulalia, Coy. Atachekwa mpaka ahame darasa."

Coy akajipapasa upara. "Mimi mto wangu haunidai kitu, ndiyo maana sikujua."

"Na aliyenunua vile vitu naye hakujua. Kaingia dukani, kachukua kitanda cha msichana, shampuu ya msichana, dubu wa msichana. Kamfikiria binti yake mwenyewe. Hajawahi kumlaza mtoto wetu hata siku moja, wala hakumwuliza mtu."

"Basi mtoto katoroka na wanaficha. Hiyo nimeiona mara nyingi."

"Au hajatoroka na wanamficha yeye."

Walikubaliana kuanza na dhana ya Coy, kwa sababu ilikuwa karibu. Watoto waliokosa nyumba walikuwa wakipelekwa kwenye moteli ya barabara kuu, na mtoro wa miaka kumi na miwili hurudi anapopajua. Mwenye moteli, Bwana Jitendra, alikuwa nje anafagia maegesho, na alipomwona Verlene aliegemea fagio kwa furaha ya mtu aliyepata sababu ya kupumzika.

"Bi Mkaguzi! Umechelewa. Hawaji tena hao."

"Hata mmoja? Msichana, mrefu kidogo, kifua kinambana?"

"Nyeisha? Yule aliyenifundisha kusema 'y'all', ile 'ninyi nyote' ya watu wa huku? Hapana. Tangu kiangazi kianze hajaja mtu wa Idara. Nasikitika, walikuwa wateja wazuri, ila walikuwa wananivunjia mashine ya barafu." Akafikiri kidogo. "Walikuja mara ya mwisho kuniulizia vitanda vya kukunja."

Verlene akasogea. "Nani?"

"Bwana wa suti ya maziwa. Nilikuwa na vya ziada stoo. Nikamwuliza unataka vingapi, akasema vyote."

"Vyote?"

"Na magodoro yake. Kaleta lori."

Walirudi garini. Coy ndiye aliyeanza.

"Haya, utoro nimeufuta. Lakini vitanda vya kukunja ni vya nini? Mama mlezi hanunuliwi kitanda cha moteli."

"Na haviwekwi kwenye nyumba ya mtu. Vingi hivyo vinataka ukumbi. Ofisi hawawezi, sisi tunaingia ofisini muda wowote. Kanisani hawawezi, mchungaji angesema madhabahuni Jumapili. Ni mahali pakubwa, patupu, ambapo hapamo kwenye orodha ya majengo yao."

"Kaunti nzima imejaa mahali pakubwa patupu, bosi. Viwanda vya nguo vilipofungwa walituachia hivyo tu."

Hilo lilikuwa kweli, na Verlene alilijua. Saa kumi na moja mahakama ingefunga. Asubuhi angesimama mbele ya jaji na hoja ya mto msafi, na mawakili wa serikali wangemcheka kwa adabu. Alikasirika, na chini ya hasira aliogopa, kwa sababu kumkosa Nyeisha leo kulikuwa ni kumkosa kabisa.

Walikuwa wanafuata barabara ya zamani ya kuelekea mjini pale Coy alipokanyaga breki. Mbele yao basi la shule, la njano, limewasha taa nyekundu na kutoa kile kibao cha kusimamisha magari. Magari ya pande zote mbili yakasimama, lori la kuku nalo, maana katika jimbo lile mtu anaweza kumpita gavana lakini hampiti basi la shule linaloshusha watoto. Coy akazima redio, kama alivyofanya kila mara, bila kujua kwa nini.

Watoto wakashuka. Wa kwanza alikuwa mdogo sana, begi limemfunika mgongo. Akafuata mvulana mwenye bandeji mkononi. Wakafuata wengine. Walipita mbele ya duka la samani lililofungwa, vioo vyake vimebandikwa karatasi za kahawia, wakazunguka kona na kupotelea nyuma.

"Coy."

"Naona."

"Hapa kuna nyumba?"

Coy akatazama kushoto, akatazama kulia. Kulikuwa na duka la matairi, uwanja wa magari chakavu, na msitu wa misonobari. "Hamna hata kibanda cha mbwa."

Verlene akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha. Sheria ilisema mtoto aliyechukuliwa na serikali asihamishwe shule yake, na shule ilazimike kumfuata kwa basi popote anapolala. Idara ya usafiri wa shule haikuwa chini ya Culbreath. Jaji unaweza kumpa anwani ya Bi Darlene, lakini dereva wa basi akipewa anwani ya uongo, mtoto anabaki barabarani na simu zinaanza kupigwa. Kwa hiyo dereva alikuwa amepewa ya kweli. Hakuna aliyefikiri kwamba mkaguzi angekuja kukaa nyuma ya basi.

Wa mwisho kushuka alikuwa msichana mrefu kidogo. Alisimama, akavuta pumzi kwenye kichupa cha dawa, akamshika mkono kabinti kalikokuwa kakimngojea, wakaenda.

"Egesha," alisema Verlene.

*

Mlango wa nyuma ulifunguliwa nusu na ofisa ustawi mmoja kijana, jina lake Kaylin, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Siruhusiwi kumfungulia mtu, mama."

Verlene akamwonyesha kitambulisho. "Soma wewe mwenyewe. 'Kuona mahali popote mtoto anapolala, wakati wowote.' Unanifungulia, au nimpigie jaji kwamba umenizuia?"

Kaylin akasoma. "Lazima nimpigie Bwana Culbreath."

"Mpigie. Mwambie aje haraka. Lakini fungua kwanza."

Akafungua, na Verlene alipompita akamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Asante Mungu."

Ndani ulikuwa ukumbi mmoja mkubwa. Makabati ya nguo yasiyouzwa yalikuwa yamepangwa yawe kuta, vibandiko vya bei bado vinaning'inia. Kati ya kabati na kabati, vitanda vya kukunja. Chini ya kila kitanda, mfuko mweusi wa takataka, na ndani ya mfuko, mali yote ya mtoto. Palinukia piza ya juzi na unyevu. Coy, aliyeona maiti katika kazi yake, alivua kofia.

Nyeisha Broadnax alikuwa amekaa kitandani, miguu imekunjwa. Kabinti kale kalikuwa kando yake.

"Umetupataje?" aliuliza.

"Nilikuwa nyuma ya basi lenu. Kifua kinasemaje?"

"Kinaongea. Humu kuna ukungu." Akamtupia Kaylin jicho. "Tuliambiwa tukisema kwa mtu, tutapelekwa kaunti ya mbali, kila mtu na yake."

"Nani kasema?"

"Mwenye suti."

"Na huyu ni nani?"

"Maribel. Ana miaka sita. Usiku analia mpaka nimpe mkono." Alisema hivyo kwa ukali, kama anayetaka mtu ajaribu kubisha. "Bi Darlene nilikwenda mara moja. Nikapigwa picha kwenye kile kitanda. Nikala keki, nikarudishwa."

Gari lilisikika likifunga breki nje. Culbreath aliingia bila koti, tabasamu kaliacha mahali.

"Bi Tisdale, hapa siyo ofisi. Amri ya jaji inakataza ofisi. Hapa ni kituo cha mapokezi ya muda."

"Mapokezi tangu Juni? Mnapokea nini, mchele?"

"Usinifanyie mzaha!" Sauti ilimpasuka. "Sina nyumba! Unaelewa? Watu wanataka vichanga. Hakuna anayetaka msichana wa miaka kumi na miwili mwenye pumu. Nimepiga simu mpaka sikio limeota sugu. Unataka nizae nyumba?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Verlene alimwamini. Lakini hasira yake haikupungua, ilipata tu mahali pazuri pa kusimama.

"Hilo ndilo ulilotakiwa kumwambia jaji. Hukuamriwa kuzaa nyumba kufikia kesho. Uliamriwa kusema kweli. Ungesema huna, angeibana serikali ikupe. Badala yake umenunua dubu."

Culbreath akajifuta uso kwa kiganja. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, karibu ya kirafiki. "Sikiliza. Kuna familia moja, walimu wote wawili. Nyumba safi, haina ukungu. Wamekubali mtoto mmoja. Naweza kumpeleka Nyeisha leo hii, na siyo kwa picha. Akae mpaka akue. Wewe kesho sema tu kwamba uliyemtafuta umemwona, ana kitanda. Itakuwa kweli. Wengine nipe mwezi."

Coy akatazama sakafu. Verlene alijua lile halikuwa jambo dogo. Alikiona kile kifua kikipanda na kushuka, na Nyeisha alikuwa amesikia kila neno. Angeweza kukataa kwa niaba yake kwa hotuba nzuri, kisha akaenda kulala kwake kwenye kitanda kikavu. Aliona aibu kulifikiria hilo.

"Nyeisha," alisema, "huyu bwana anakupa nyumba. Naamini nyumba hiyo ipo. Ukiitaka, sitakulaumu hata siku moja. Mimi nitasema kesho nilichokiona, hilo siliuzi. Lakini nikisema, na nyumba ukaikosa, atakayelala hapa ni wewe, siyo mimi. Kwa hiyo nakuuliza wewe."

"Huwezi kumuuliza mtoto—" alianza Culbreath.

"Nyamaza kidogo, bwana mkuu," alisema Coy kwa upole wa kipolisi.

Nyeisha alifikiri. Hakuwa na haraka. "Wamekubali mmoja?"

"Mmoja," alisema Culbreath.

"Na Maribel?"

Culbreath akatazama saa yake.

"Nimekuuliza, bwana. Na Maribel?"

"Maribel tutamtafutia."

"Mimi nimetafutiwa miaka mitatu." Akashuka kitandani, akajipangusa magoti. Kabinti kale kakashuka naye. "Bi Verlene, huyo jaji unayo namba yake?"

"Ninayo. Amri inaniruhusu kumpigia moja kwa moja."

"Mpigie sasa hivi. Nitaongea mimi."

"Nyeisha," alisema Culbreath, "fikiria vizuri. Ukifanya hivi sijui kama wale walimu—"

"Nimeshakusikia!"

Kaylin, yule ofisa kijana, alikwenda akafunga mlango wa nyuma kwa ufunguo, akausimamia. Culbreath akamtazama kama hamjui. Verlene alibonyeza namba, akaweka sauti ya nje. Karani alipokea, akasikia jina, akaunganisha. Watoto wengine walikuwa wametoka nyuma ya makabati na kusogea, mmoja mmoja, mpaka wakawa duara.

"Whitmire hapa," ilisema sauti kavu ya mwanamke mzee. "Bi Tisdale, ni wewe?"

Verlene alimpa Nyeisha simu. Msichana akavuta pumzi kwenye kichupa chake, akaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Hapana, mheshimiwa. Naitwa Nyeisha Broadnax. Nimeambiwa wewe umeambiwa nina kitanda."

"Ndivyo nilivyoambiwa, binti."

"Basi ndugu zangu hawa hapa kila mmoja akuambie jina lake, halafu uje uone."

Akaiteremsha simu mpaka mdomoni kwa Maribel.